Simu, mitandao na sonona ya vijana: kipi kilianza?

Saa saba usiku dada yangu aliamka kwenda msalani, akaona chandarua cha binti yake kinang'aa kwa ndani kama kandili. Binti yuko kidato cha tatu. Alikuwa amejikunja kitandani, simu mkononi, machozi yanamchuruzika bila sauti. Kulipopambazuka dada akanipigia: "Mdogo wangu, njoo umwone mwanao. Simu imeshamharibu." Nilipofika, simu ilikuwa imefungiwa kwenye sanduku la vitenge, na ikakaa humo wiki tatu. Katika wiki hizo tatu binti hakupona. Sahani ya chakula ilirudi jikoni imedokolewa tu, mchana alishinda amelala, jioni akakaa kimya.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu swali lililo nyuma ya maneno ya dada, kama kweli ni simu iliyomharibu mtoto, ndilo linaloulizwa na wazazi wengi siku hizi. Tangu tarehe 10 Desemba 2025, Australia ilipoanza kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, makundi ya WhatsApp ya wazazi hayajatulia. Huyu anatuma sauti kwamba sayansi imeshathibitisha simu inaleta sonona. Yule anajibu kwamba sonona yenyewe ni mambo ya Wazungu, watoto wa siku hizi wamedekezwa tu. Wote wawili wamekosea, na makosa hayo yanaishia kwa mtoto aliyeko chumbani. Kwa hiyo naomba tulifumue jambo hili taratibu.

Maneno yanayotuchanganya

Nusu ya ubishi huu ni wa maneno. Huzuni ni hali ya kawaida ya binadamu: umefiwa, umefeli, umeachwa, unalia, siku zinapita, unaanza tena kucheka. Msongo wa mawazo ni mambo yanayokuelemea kwa kipindi fulani, kama mtihani wa taifa au ada ambayo haijalipwa. Sonona ni ugonjwa. Inakaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, na inaushika mwili na akili kwa pamoja. Hamu ya mambo uliyoyapenda inakatika. Usingizi unavurugika, chakula hakipiti au kinaliwa kupita kiasi, mwili unachoka bila kazi, akili haitulii darasani, mtu anajiona hana thamani, na wengine huanza kufikiria kifo. Kwa kijana, dalili kubwa inaweza isiwe machozi. Inaweza kuwa hasira za karibu, majibu ya mkato na kuzira kwa vitu vidogo, ndiyo maana wazazi wengi huiita kiburi.

Mimi huielezea hivi: msongo ni ndoo ya maji kichwani, ukiitua shingo inapumua. Sonona ni pale ndoo imeshatuliwa lakini shingo imebaki imeinama. Tatizo ni kwamba katika mazungumzo ya kawaida, Tanzania na Kenya, "msongo wa mawazo" hutumika kwa vyote viwili. Kijana akisema "nina msongo" anaambiwa apumzike, kumbe anachohitaji ni mganga wa hospitali.

Vijana balehe, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ni wenye umri wa miaka 10 hadi 19. Shirika hilo linakadiria kwamba mmoja kati ya saba wa umri huo anaishi na tatizo la afya ya akili la aina fulani, sonona ikiwa miongoni mwa yanayoongoza. Tena utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba karibu nusu ya matatizo ya akili ya maisha yote ya mtu huwa yameshaanza afikapo miaka 14. Hebu litazame hilo kwa makini. Umri ambao sonona hupenda kubisha hodi ndio umri ambao wengi wetu tunawapa watoto simu ya kwanza. Hata kama vitu hivi viwili visingejuana kabisa, vingeonekana vimekuja pamoja.

Kuna jambo jingine tunalichanganya: simu na mitandao. Kiswaswadu ni simu, lakini hakina TikTok. Na ndani ya simu janja hiyo hiyo kuna kumpigia bibi kijijini, kuna kutuma pesa, kuna notisi za fizikia alizotuma rafiki, kuna kuperuzi Instagram saa tatu mfululizo. Simu ni barabara, mtandao ni daladala, na yaliyomo ni abiria uliokaa nao. Ukiibiwa pochi ndani ya daladala hulaumu lami. Mtu akikuambia "simu zinaleta sonona", muulize anazungumzia kipi kati ya hivyo vitatu.

Panadol na maumivu ya kichwa

Simama mlangoni mwa duka la dawa uwahesabu wanaonunua Panadol. Utagundua kwamba wanywaji wa Panadol wanaumwa vichwa kuliko watu wengine wote mtaani. Je, Panadol ndiyo inayoleta maumivu ya kichwa? Hapana, maumivu ndiyo yaliyowaleta dukani. Lakini madaktari wanajua pia kwamba mtu anayebugia dawa za maumivu karibu kila siku kwa muda mrefu anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayotokana na dawa yenyewe. Kwa hiyo mambo huenda pande zote mbili, na bila kumfuatilia mtu mmoja mmoja huwezi kujua wa kwanza ni yupi.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa simu. Kijana mwenye sonona hana nguvu ya kutoka nje kucheza, anajifungia na simu. Ukimpima utakuta ana sonona na anatumia simu sana, na ni rahisi kusema cha pili kimeleta cha kwanza.

Waliopiga kengele kwa sauti kubwa zaidi ni Wamarekani, na walikuwa na sababu. Katika uchunguzi ambao serikali yao huufanya kwa wanafunzi wa sekondari, wasichana waliosema walikuwa na huzuni ya kudumu au kukata tamaa walikuwa asilimia 36 mwaka 2011. Mwaka 2021 walifika asilimia 57. Mwanasaikolojia Jean Twenge, na baadaye Jonathan Haidt, walionyesha kwamba mstari wa takwimu hizo ulianza kupanda pale pale simu janja zilipoenea mifukoni mwa vijana. Instagram yenyewe ilianza Oktoba 2010. Ni vigumu kuutazama mstari huo usishtuke.

Wenzao wakawaambia: subirini. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski, wakiwa Chuo Kikuu cha Oxford, walichukua takwimu za vijana zaidi ya 355,000 wa Marekani na Uingereza na kupima uhusiano kati ya matumizi ya vifaa vya kidijitali na ustawi wa kijana. Uhusiano ulikuwepo, lakini ulieleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti kati ya kijana na kijana. Ili watu waelewe udogo huo, waliulinganisha na mambo mengine yaliyokuwa kwenye takwimu zile zile, na ulaji wa viazi ulikuwa na uhusiano unaokaribiana nao. Kuonewa na wenzao na kukosa usingizi vilikuwa na uzito mkubwa zaidi.

Hapo ndipo kundi la pili lilipopata silaha yake: "Mnaona? Simu ni sawa na viazi!" Nao wameisoma vibaya. Asilimia 0.4 ni wastani wa watoto wote, wanaodhurika, wanaofaidika na wasioguswa. Ukiweka mguu mmoja kwenye maji ya moto na mwingine kwenye barafu, kwa wastani maji ni vuguvugu, na wewe umeungua. Uholanzi waliwafuatilia vijana 63, wakiwauliza mara kadhaa kwa siku wanajisikiaje baada ya kutazama mitandao. Asilimia 46 walijisikia vizuri zaidi, asilimia 44 hawakuona tofauti, na asilimia 10 walijisikia vibaya zaidi. Ni kundi dogo, lakini linaonyesha kitu ambacho takwimu kubwa zinakificha. Kwenye darasa la watoto 40 hiyo asilimia 10 ni watoto wanne. Mama wa mmoja wao hana kazi na wastani.

Wapo pia waliopata njia ya werevu ya kutenganisha chanzo na matokeo. Fikiria umeme wa REA unafika kijiji hiki mwaka huu na kijiji cha jirani mwaka kesho. Ukivilinganisha vijiji hivyo katikati ya miezi hiyo, unaona umeme umebadilisha nini. Facebook ilisambaa hivyo hivyo: ilianza Harvard mwaka 2004, ikafunguliwa chuo kimoja baada ya kingine hadi mwaka 2006. Wachumi watatu, Luca Braghieri, Ro'ee Levy na Alexey Makarin, walivilinganisha vyuo vilivyopata mapema na vilivyochelewa, wakakuta kwamba pale Facebook ilipofika afya ya akili ya wanafunzi ilishuka, hasa dalili za sonona. Walichapisha mwaka 2022. Utafiti mwingine uliwalipa watu wazima wa Marekani wazime Facebook kwa wiki nne mwaka 2018. Kila mmoja aliokoa kama saa moja kwa siku, na furaha yao ikapanda, ila kidogo tu.

Ukiniuliza mimi baada ya kuyasoma yote haya, nitakujibu kwamba madhara yapo, kwa watoto wengi ni madogo, na kwa wachache ni makubwa sana. Kazi ya mzazi ni kumjua wake yuko wapi. Na umri una neno hapo. Orben na wenzake, wakitumia takwimu za Uingereza, walikuta vipindi ambavyo mitandao inauma zaidi: kwa wasichana kati ya miaka 11 na 13, kwa wavulana 14 na 15, kisha kwa wote karibu na miaka 19.

Usiku, bando na saa tatu za kulala

Mlango mkubwa ambao sonona huupitia, kwa maoni yangu, ni usingizi, na ndio tunaouzungumzia kidogo kuliko yote.

Mwili wa kijana aliyevunja ungo au aliyeanza kuota ndevu hubadilisha saa yake ya ndani. Homoni inayoleta usingizi huchelewa kutoka, kwa hiyo saa nne usiku ambayo mdogo wake anakoroma, yeye macho makavu. Si ukaidi, ni maumbile. Wataalamu wa usingizi wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa nane hadi kumi. Sasa mchukue mwanafunzi wa kutwa anayeishi Mbagala au Gongo la Mboto na shule iko katikati ya jiji. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, tena mapema zaidi siku za mvua, ili awahi daladala kabla makonda hawajaanza kuwakwepa wanafunzi wa nauli ya punguzo. Hata bila simu, hesabu haikai sawa.

Sasa weka bando la usiku. Kampuni za simu zinauza intaneti kwa bei ya kutupa kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri. Kwa mtu mzima ni nafuu. Kwa mtoto ambaye shilingi mia tano yake ya mchana inampa dakika chache za video, saa sita usiku ndiyo saa pekee anapokuwa tajiri. Anasubiri. Wenzake nao wanasubiri, kwa hiyo kundi la darasa linachangamka hasa saa hiyo. Akizima simu saa nane usiku, amebakiwa na saa tatu. Fanya hivyo siku nne kwa wiki uone kama utaweza kucheka na mtu. Kukosa usingizi kunaweza kuchangia sonona, na sonona nayo inafukuza usingizi, na hapo gurudumu linazunguka lenyewe hata simu ikitolewa.

Yanayoonekana na yanayosemwa

Kujilinganisha na wenzako hakukuletwa na mitandao. Tofauti ni kwamba zamani binti alijilinganisha na wasichana kumi wa mtaani, ambao amewaona pia wakiwa na chunusi na wakitumwa maji. Leo anajilinganisha na mamia ya nyuso zilizopitishwa kwenye filta, na mara nyingine na uso wake mwenyewe uliopitishwa humo, ambao ni mzuri kuliko ule wa kwenye kioo. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za Facebook, kampuni yenye Instagram, zilizotolewa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wao, zilionyesha kampuni ilikuwa inalijua hilo. Takwimu iliyosambaa ni kwamba Instagram inamharibia msichana mmoja kati ya watatu. Ilivyoandikwa ni kwamba kati ya wasichana ambao tayari walikuwa wanajisikia vibaya kuhusu miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwazidishia. Neno "tayari" lina uzito. Mtandao ulikandamiza palipokwisha kuvimba.

Halafu kuna ule mfumo unaochagua video inayofuata. Umewahi kununua mitumba soko la Karume? Unagusa shati moja la bluu, muuzaji anakuona, na kabla hujasema neno ameshachomoa mashati mengine kumi ya bluu kutoka kwenye beli. Hakukusudia ubaya, anauza. Mfumo wa mitandao unafanya hivyo, isipokuwa hautazami uso wako. Kijana akisimama kwa sekunde chache kwenye video ya huzuni, ataletewa nyingine, na nyingine. Molly Russell alikuwa msichana wa London mwenye miaka 14. Alifariki mwaka 2017. Katika miezi yake sita ya mwisho, kati ya vitu karibu 16,300 alivyohifadhi, alivyovipenda au kuvisambaza Instagram, takriban 2,100 vilihusu sonona, kujidhuru au kujiua. Mwaka 2022 afisa anayechunguza vifo aliamua kwamba alifariki kwa kujidhuru akiwa anaumwa sonona na akiwa ameathiriwa na maudhui ya mtandaoni. Hakusema mtandao peke yake, wala hakuuacha pembeni. Naona uamuzi huo ulikuwa makini kuliko sauti nyingi tunazotumiana.

Na kuna kuchambwa. Hili ndilo lililomkuta mwanetu.

Lilitoka polepole, baada ya siku nyingi za mimi kukaa naye uani tukichambua mchele bila kumuuliza kitu. Baba yake alihama nyumbani mwezi wa pili. Dada anakumbuka kwamba ni kuanzia hapo binti aliacha kuimba kwaya na kuanza kulala mchana, ila wakati ule nani alikuwa na nafasi ya kuliona hilo. Simu alipewa mwezi wa sita, na baba huyo huyo, kama fidia. Mwezi wa nane mtu mmoja darasani alikata uso wake kutoka kwenye picha ya mahafali, akiwa amefumba macho na mdomo wazi, akautengeneza stika. Stika ikawa jibu la kila utani kwenye kundi la darasa. Akichelewa mtu, stika. Timu ikifungwa, stika. "Mama mdogo," aliniambia, "nilikuwa naamka usiku kuangalia kama wameituma tena. Wakiwa hawajaituma, nasubiri waitume."

Kwa hiyo kipi kilianza? Sonona ilikuwa imeshaingia ndani kabla ya simu. Simu iliikuta, ikaula usingizi wake, ikaileta stika chumbani saa saba usiku, mahali ambapo zamani kejeli za shule hazikufika. Na ilipofungiwa sandukuni, binti alipoteza pia rafiki yake mmoja aliyehamia Tanga, ambaye ndiye pekee aliyejua habari za baba. Zaidi ya hayo, hakujua tena wanasema nini juu yake, na akili yake ikajaza yaliyo mabaya kuliko yaliyokuwepo.

Kuchambwa huko kuna tofauti na utani wa shuleni wa zamani. Hakuna kengele ya kwenda nyumbani. Na pale panapohusika picha za utupu, zile ambazo mtaani huitwa "koneksheni", ni jinai. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza udhalilishaji wa mtandaoni, na mtoto aliyesambaziwa picha ndiye aliyedhulumiwa. Nalisema hili kwa sababu nimeona mabinti wakipigwa na wazazi wao kwa kosa ambalo wengine wamewatendea.

Yanayosemwa kila siku

"Sonona ni ugonjwa wa mitandao, mababu zetu hawakuwa nao." Mwaka 1979 watafiti John Orley na John Wing walichapisha matokeo kutoka vijiji viwili vya Uganda, na walikuta sonona nyingi kuliko waliyoikuta kwa wanawake wa Camberwell, London. Vijijini Uganda mwaka 1979 hapakuwa na simu ya mkononi hata moja. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na daktari Dixon Chibanda alilitumia neno hilo kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa benchini na wagonjwa na kuwasikiliza. Ugonjwa tulikuwa nao. Jina ndilo tulikosa, au tuliuita uvivu, au tukasema karogwa. Sina ugomvi na anayemwombea mwanawe, nami namwombea wangu. Ila aombe huku anampeleka kliniki.

"Mbona anacheka na kucheza TikTok, sonona gani hiyo?" Video ni ya sekunde kumi na tano. Ameirudia mara ishirini kabla ya kuitupia.

"Ukimuuliza kuhusu kujiua unampandikizia wazo." Hili linaua. Utafiti umerudiwa mara nyingi na hauonyeshi kwamba kuuliza kunaleta wazo hilo. Wengi hupata nafuu kwamba hatimaye mtu ameuliza. Mwulize kwa utulivu na kwa maneno ya wazi: "Kuna wakati unatamani usiwepo?" Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari karibu naye, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Tanzania na Kenya zote mtoto au mzazi anaweza kupiga 116, namba ya msaada kwa watoto, bure.

"Shule zikipiga marufuku simu, tatizo limekwisha." Kwetu Tanzania wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni tangu zamani, na sonona ipo. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walizilinganisha shule 30 za Uingereza, zinazobana simu na zinazoruhusu, wanafunzi 1,227. Ustawi wa akili haukutofautiana, na muda wa jumla wa kutumia simu kwa siku nao haukutofautiana. Waliokuwa na hali mbaya zaidi ni wale waliotumia muda mrefu kwa siku nzima, popote walipo. Marufuku ya Australia ni ya aina nyingine na ni mapema mno kuihukumu. Lakini kwa mtoto wa kwetu uwanja wa vita ni nyumbani, usiku na wakati wa likizo.

Baada ya sanduku la vitenge

Simu ina upande mwingine ambao nisiposema nitakuwa nimedanganya. Kijana anayeishi mbali na wenzake, mwenye ulemavu, au mwenye jambo asiloweza kulisema nyumbani, mara nyingi amepata sikio la kwanza mtandaoni. Na msaada haulazimu kuwa wa gharama kubwa. Nairobi na Kiambu, mradi uitwao Shamiri uliwatumia vijana waliomaliza sekondari kuendesha vikao vinne vya makundi mashuleni, wakifundisha shukrani, kwamba mtu anaweza kubadilika, na kuishi kwa maadili unayoyaamini. Matokeo ya wanafunzi 413 yalichapishwa mwaka 2021: dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wenzao waliopewa masomo ya mbinu za kusoma. Hao walimu hawakuwa madaktari. Walikuwa kaka na dada wa juzi juzi.

Kwa hiyo nilimshauri dada kuhusu usingizi kabla ya simu. Simu zote za nyumba ile, pamoja na yake mwenyewe, sasa zinalala sebuleni saa tatu usiku, kwenye chaja moja ya matundu manne. Alilalamika yeye kuliko binti. Kisha akaenda kwa mwalimu wa malezi na picha za mazungumzo ya kundi zimehifadhiwa, bila kumtaja mtoto mbele ya darasa. Binti alijitoa kwenye kundi mwenyewe, kwa kidole chake, simu ikiwa mkononi mwake na si sandukuni. Namba ya rafiki wa Tanga ilibaki.

Hospitali tulienda mara mbili. Mara ya kwanza mhudumu alituambia mtoto mdogo hawezi kuwa na sonona, ni mambo ya ujana. Tulirudi, tukaomba daktari wa afya ya akili, tukampata. Alimuuliza maswali tisa, taratibu, akimtazama. Alieleza kwamba kwa kijana tiba ya kwanza mara nyingi ni mazungumzo ya kitaalamu, na dawa huongezwa ikilazimu, chini ya uangalizi. Hakuiuliza simu mpaka swali la mwisho, na alipoiuliza hakuuliza ni saa ngapi kwa siku. Aliuliza: "Ukiishika unatafuta nini?"

Kuna siku anakula, kuna siku sahani inarudi. Kliniki inayofuata ni Jumanne saa mbili asubuhi. Dada ameomba ruhusa kazini, mimi nitabaki na wadogo zake.